Kila Mtaro wa Nakuru Una Mwisho Mmoja

Watu wazima wa Nakuru wana kumbukumbu mbili za ziwa lao ambazo, ukizitazama kwa haraka, zinapingana. Ya kwanza ni ya katikati ya miaka ya 1990, ukame ulipolikausha karibu lote, heroe wakahama, na upepo ukapeperusha vumbi jeupe la magadi kutoka pale palipokuwa na maji. Ya pili inaanzia mwaka 2010 hivi, ziwa lilipoanza kupanda na kukataa kurudi. Eneo lake, lililokuwa takriban kilomita za mraba 40, likapita 60; lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru likamezwa, migunga ikafia majini ikiwa imesimama, na familia za mitaa ya Mwariki na Baruti zikayaacha makazi yao. Mji ule ule, katika muda usiotimia miaka 30, umeliona ziwa likikauka na umeliona likifurika. Kumbukumbu hizo zinafundisha jambo moja: Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huingia, kisha huondoka kwa kupanda angani kama mvuke. Chumvi hubaki, tope hubaki, plastiki hubaki, na mafuta ya gari yaliyomwagwa nyuma ya gereji hubaki. Hoja yangu ni kwamba katika bonde la namna hii usafi wa ziwa huamuliwa kabla mvua haijanyesha, kwenye mlango wa nyumba, wa gereji na wa duka, kwa sababu mvua ikishaanza hakuna tena mahali pa kuuzuia uchafu njiani.

Tazama jinsi mji ulivyokaa. Upande wa kaskazini umeinuka mlima Menengai, ambao ukingo wa shimo lake la volkano unapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini liko ziwa, karibu mita 500 chini yake. Mji wote umetandazwa kwenye mteremko huo, na maji ya mvua hayana haja ya kuulizwa yanakoelekea. Mto Njoro nao, unaoanzia msitu wa Mau Mashariki, hupita mashamba, mji wa Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton kabla ya kufika kando ya mitaa ya Rhonda na Kaptembwo na kuingia ziwani. Mito ya Makalia na Nderit huingia kutoka kusini. Watu wengi hudhani kwamba kinachoingia mtaroni huenda kusafishwa mahali fulani. Kweli, Nakuru ina mitambo miwili ya kusafisha maji taka, wa Njoro na wa Mjini, iliyokarabatiwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Japani. Lakini mitambo hiyo hupokea maji ya vyoo, mabafu na viwanda yanayofika kwa mabomba. Mtaro wa barabarani ni njia nyingine kabisa. Kazi yake ni kuondoa maji barabarani upesi iwezekanavyo, na huyafikisha ziwani au mtoni jinsi yalivyo, pamoja na chochote yalichokutana nacho. Mama anayemwaga maji ya kufulia mtaroni na fundi anayemimina oili chafu humo wanatumia mfereji mmoja, na mwisho wake ni mmoja.

Wakati wenye uzito zaidi katika habari hii ni siku za mvua za kwanza. Januari na Februari Nakuru huwa kavu. Wiki baada ya wiki, barabara na viwanja hukusanya vumbi la tairi na breki, matone ya oili kutoka kwa matatu, tuktuk na bodaboda, majivu ya jiko, maganda ya soko, kinyesi cha punda, mbuzi na mbwa, mchanga wa ujenzi na karatasi za plastiki zilizokanyagwa mpaka zikashikana na udongo. Mvua ya Machi inapofika, yote hayo huondoka kwa pamoja. Wataalamu wa maji wameliona hili katika miji mingi duniani: maji ya mwanzo ya msimu ndiyo machafu kuliko yote, na yanayofuata huendelea kuwa mepesi kadiri barabara inavyooshwa. Maana yake kwa mkazi ni kwamba tarehe ya kufagia ina uzito sawa na kufagia kwenyewe. Uwanja uliofagiwa na takataka zake kuzolewa wiki ya mwisho ya Februari unalipunguzia ziwa mzigo ambao usafi wa Mei hauwezi tena kuupunguza. Kampeni za usafi zinazoitishwa mvua ikishakolea hupiga picha nzuri, lakini shehena huwa imekwisha kusafiri.

Ushahidi wa madhara upo, ingawa inafaa kuusoma kwa uaminifu. Heroe wadogo waliolipa Ziwa Nakuru jina duniani, ambao miaka mingine walihesabiwa kupita milioni moja, hula kiumbe mdogo wa kijani aitwaye spirulina, anayestawi katika maji yenye magadi mengi. Miaka ya 1990 heroe walikufa kwa maelfu. Watafiti waliowapasua walikuta madini mazito ndani ya miili yao. Wengine baadaye wakaonyesha kwamba viumbe wengine wa majini, jamaa wa spirulina, walikuwa wakitoa sumu. Mjadala kuhusu chanzo halisi haukuisha, na huenda sababu zilikuwa zaidi ya moja. Vivyo hivyo, heroe walipohamia Ziwa Bogoria na kwingineko baada ya ziwa kupanda, sababu kubwa ilikuwa kwamba maji mengi yalipunguza ukali wa magadi na chakula chao kikaadimika. Takataka za mji hazitoshi kueleza uhamaji huo. Mtetezi wa mazingira anayewalaumu watupa taka kwa kila heroe aliyeondoka anaidhoofisha hoja yake mwenyewe. Ukweli wenyewe unatosha: ziwa ambalo tayari linayumbishwa na ukame na mafuriko halina nguvu ya ziada ya kustahimili mbolea, sabuni, mafuta na kinyesi. Mabadiliko ya mvua hatuyashiki kwa mikono yetu. Kinachoingia mtaroni tunakishika.

Hapa hutokea pingamizi la kwanza, na lina uzito. Watasema: wachafuzi wakubwa wanajulikana. Mwaka 2001 serikali ilikata zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau Mashariki na kuzigawa kwa makazi, na tangu hapo Mto Njoro hufurika kwa tope msimu wa mvua na kukauka msimu wa kiangazi. Mashamba humwaga mbolea na dawa. Viwanda vina mabomba yake. Je, ganda la sukumawiki la mama mboga lina maana gani mbele ya hayo? Lina maana kwa sababu mbili. Kwanza, uchafu wa viwanda na wa mitambo ya maji taka hutoka kwenye tundu moja linalojulikana. Mkaguzi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, anaweza kusimama hapo, akachota maji, akapima na akashtaki. Uchafu wa mtaro hauna tundu. Umetoka katika milango maelfu, na hakuna mkaguzi wala mahakama inayoweza kuufuatilia mlango kwa mlango. Upande huu wa tatizo, tabia ya watu ndiyo tiba ya pekee iliyopo. Pili, mji umekua. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta na watu zaidi ya 570,000, na tarehe 1 Desemba 2021 ukatangazwa kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kila paa la mabati na kila uwanja uliotandikwa kabro ni eneo ambalo zamani lilinyonya maji na sasa linayasukuma barabarani. Mchango wa mji unaongezeka kila mwaka, na kumsubiri mchafuzi mkubwa ajirekebishe kwanza ni kuukubali ukue.

Pingamizi la pili husikika kila kona: hiyo ni kazi ya kaunti, na sisi tunalipa ada. Katiba ya mwaka 2010 inawapa wenye kusema hivyo msingi. Jedwali lake la nne linaipa kaunti wajibu wa kuondoa taka na wa kusimamia mitaro ya maji ya mvua mijini. Kwa hiyo mkazi ana haki ya kudai lori lifike mtaani kwake, na ana haki ya kukasirika vijana wanapozoa tope mtaroni na kuliacha limerundikwa ukingoni, ambapo mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Ana haki pia ya kuuliza kwa nini jaa la Gioto liko kwenye mteremko wa Menengai, juu ya makazi ya watu, mahali ambapo mvua kubwa inaweza kuziteremsha taka kuelekea mjini. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 69, inamwambia kila mtu ashirikiane na vyombo vya dola kulinda mazingira, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Haki na wajibu huu haviwezi kutenganishwa, kwani kaunti yenye malori mazuri kabisa haiwezi kuzoa kitu ambacho mvua imekwisha kukichukua. Tena, anayeweka taka zake tayari ana hoja nzito zaidi ofisini kuliko anayezitupa usiku kisha akalalamika asubuhi.

Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba Mkenya habadiliki. Agosti 28, 2017 inawajibu. Siku hiyo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini kote, ikiwa na adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Wachuuzi walisema biashara itakufa. Haikufa, watu walirudia vikapu, wakanunua mifuko ya kitambaa, na karatasi nyepesi zilizokuwa zimening'inia kwenye kila ua na mwiba zikapungua machoni mwa kila mtu. Tangu Juni 5, 2020 chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja vimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, Nakuru ikiwemo. Haya hayakukamilika, mifuko bado hupenya mipakani, na chupa bado huelea mitaroni hadi zifike hifadhini ambako hakuna mgeni anayeruhusiwa kuzibeba. Hata hivyo, uzoefu huo umeonyesha kwamba tabia ya nchi nzima inaweza kugeuka katika muda mfupi, mradi sheria iwe wazi na njia mbadala iwe karibu na mkono.

Neno hilo la njia mbadala ndilo linaloleta pingamizi gumu kuliko yote, la umaskini. Mtu wa Rhonda, Kaptembwo au Kivumbini anayeishi chumba kimoja, asiyefikiwa na lori wala bomba la maji taka, ataweka wapi nepi zilizotumika? Fundi wa jua kali atapata wapi pesa za kutupa oili kwa utaratibu? Kumhubiria mtu huyu ni kumdharau. Lakini tukichunguza kitu kimoja kimoja, tutakuta kwamba tabia nyingi zinazohitajika hazigharimu kitu, na baadhi zinalipa. Oili chafu ina wanunuzi. Hutumika kama kuni za tanuri, na fundi anayeihifadhi kwenye mtungi badala ya kuimwaga anahifadhi shilingi zake. Maganda ya soko ni chakula cha mbuzi na mbolea ya shamba. Chupa na vyuma vina vijana wa kuvinunua kwa kilo. Hata kinyesi kimepatiwa matumizi: kampuni ya maji na maji taka ya Nakuru, NAWASSCO, imekuwa ikichanganya tope la vyoo na vumbi la mbao na kutengeneza makaa ya kupikia yanayouzwa mjini. Linalobaki bila mnunuzi ni nepi na plastiki laini, na hapo ndipo plotini panapohitajika makubaliano: pipa moja lenye kifuniko, mchango mdogo wa kila mwezi kwa kikundi cha vijana wanaozoa, na mwenye plot kuingiza gharama hiyo kwenye kodi kama anavyoingiza maji. Mitaa yenye vikundi hivyo haijawa tajiri, imejipanga tu.

Kuna tabia moja ambayo ningeiweka mbele ya zote kwa sababu inamfaidi anayeifanya kabla haijalifaidi ziwa: kuvuna maji ya paa. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita kumi kwa kumi, katika mvua ya milimita 20 ya alasiri moja ya Aprili, hutoa lita 2,000. Yasipokingwa, maji hayo hushuka kwa kishindo, huchimba uwanja, hubeba kila kilicholegea na kuingia mtaroni. Yakikingwa kwenye tangi, sehemu ya nguvu ya mafuriko ya mtaa imeondolewa bila kaunti kuchimba kitu. Na Nakuru ina sababu yake ya pekee ya kuyataka. Maji ya visima virefu katika Bonde la Ufa yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na alama yake inaonekana kwenye meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia huku. Maji ya mvua hayana floridi hiyo. Ukiacha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha ukakinga zinazofuata, umepata maji bora kwa watoto wadogo, ambao meno yao ndiyo bado yanakua. Asiye na tangi kubwa anaweza kuanza na pipa, au kuelekeza maji ya paa kwenye nyasi na migomba badala ya saruji. Ardhi ya majivu ya volkano hunywa maji upesi ikipewa nafasi.

Ardhi hiyo hiyo inatupa sababu nyingine ya kuogopa maji machafu. Bonde la Ufa lina nyufa zilizojazwa majivu laini ya volkano, na mvua kubwa inaweza kuyachimba majivu hayo na kuufunua ufa. Machi 2018, karibu na Suswa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika kwa namna hiyo, na nchi nzima ikatazama. Ndani ya Nakuru pia wakazi wanajua mahali ambapo maji ya mtaro hutumbukia ardhini yasionekane tena. Kinachotumbukia hapo hakisafishwi kwa kupita mchangani polepole. Huelekea chini moja kwa moja, kwenye maji yale yale tunayoyavuta kwa visima. Mto na mtaro vikiziba, hatari huwa kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli huko Kijabe, baada ya njia yake kuzibwa na magogo, mawe na tope, yalivunja na kuteremkia Mai Mahiu, yakaua makumi ya watu. Hayakuwa maji ya takataka za mji, na nisingependa kuwalaumu marehemu wala majirani zao. Lakini kanuni ni ile ile inayofanya kazi kwenye kalavati dogo la mtaani: maji yaliyozibiwa njia hujikusanya, na yakitoka hutoka kwa hasira. Gunia la taka lililokwama kwenye kalavati leo ni nyumba iliyojaa maji kesho, na mara nyingi nyumba hiyo ni ya jirani wa chini.

Mwisho wapo wanaouliza kwa nini wajali ziwa lenyewe. Maji yake hayanyweki, hifadhi ina ua na kiingilio, na heroe ni wa watalii. Zamani hoja hii ilikuwa na mantiki fulani. Siku hizi haina. Tangu ziwa lilipopanda, limeuvuka ua wenyewe na kuingia mitaani. Maji yalipopungua magadi, tilapia wameonekana ndani yake, watu wamewavua kwa siri na kuwauza, na maafisa wamelazimika kuonya juu ya kula samaki kutoka maji yanayopokea uchafu wa mji. Kilichoingia mtaroni miaka kumi iliyopita kinarudi mezani. Mchuma janga hula na wa kwao, na katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, wa kwao ni sisi sote. Naivasha, lililo kusini mashariki, ni ziwa la maji matamu kwa sababu sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka. Nakuru haina bahati hiyo.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Nakuru, Njoro na vijiji vyote vinavyomwaga maji yake katika bonde hili, mambo manne kabla ya Machi. Zoeni tope la mtaro ulio mbele ya lango lenu na lipelekeni mbali na ukingo, ikiwezekana shambani. Wekeni oili chafu kwenye mtungi na muiuze. Fagieni viwanja badala ya kuviosha kwa maji, na osheni magari kwenye nyasi, mbali na Mto Njoro. Kingeni maji ya paa, hata kama ni pipa moja. Kisha, mkiwa mmeyafanya hayo, nendeni ofisi ya wadi mkadai lori, mapipa na mitaro iliyozolewa vizuri, kwa sauti kubwa na bila kuona haya. Kaunti ina wajibu wake na tusiiachilie. Lakini mvua haisubiri bajeti.